Kiti Kilichokataa Kuvunjika

Shangazi wa ukurasa wa tisa,

Shikamoo. Najua barua nyingi unazopata ni za watu waliotendwa na wapenzi wao, na yangu si ya mapenzi, lakini nimekosa mtu mwingine wa kumwambia, maana kila ninayeweza kumwambia yumo ndani ya jambo lenyewe, mke wangu yumo, mama mkwe yumo, na ninayemwogopa kuliko wote, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye amebebeshwa mzigo wangu wala hajui kwamba ni wangu. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo kuna kikao, na baada ya kikao hicho huenda mtu asiye na kosa akapelekwa polisi.

Mimi ni seremala. Natengeneza milango, vitanda na makabati kama seremala yeyote, ila kwa miaka sita sasa nina kazi ya pembeni ambayo ndiyo imenipa jina mtaani: natengeneza viti vya kuvunjika. Kuna kikundi cha maigizo kinafanya mazoezi kwenye ukumbi mkongwe nyuma ya ghala la saruji, na watu wanapenda ngumi za baa, Shangazi, sijui kwa nini, weka mchezo wa ndoa watazamaji wanapiga miayo, weka mtu mmoja ammwagie mwenzake kinywaji na ukumbi wote unasimama. Ni kama kwenye sinema. Kila sinema niliyoiona ina baa, na kila baa ina ugomvi, na kila ugomvi una kiti kinachopasukia mgongoni mwa mtu ambaye baada ya dakika anainuka, anajipangusa vumbi na kuagiza kinywaji kingine. Hakuna anayejiuliza kiti kile kimetoka wapi. Kimetoka kwa mtu kama mimi.

Kiti changu cha kuvunjika kwa macho huwezi kukitofautisha na kiti cha kweli. Miguu ni ya mbao nyepesi, nimeikata kwa msumeno mpaka katikati, nikaziba kwa nta na unga wa mbao, nikapaka rangi, na ukimpiga nacho mtu kinatawanyika kwa kishindo na yeye anahisi kama kapigwa na mto wa kulalia. Lakini huwezi kukikalia, ukikikalia uko sakafuni. Ndiyo maana kila kiti cha kupigania kina pacha wake wa mti mgumu, wa kukaliwa kabla ya ugomvi, na kazi yangu, taa za jukwaa zikipunguzwa, ni kuingia kwa kunyata, kuondoa pacha mgumu na kuweka pacha mwepesi. Dakika moja tu, na watazamaji hawajui.

Mchezo wa safari hii ni wa ugomvi wa zamani ambao kila mtu hapa ameusikia, enzi za babu zetu, kwenye kilabu cha wapagazi, ambako viti vilikuwa vya wasimamizi peke yao na wapagazi walikunywa wamesimama, mpaka siku moja mpagazi mmoja akaketi. Aliketi tu, basi. Kilichofuata kinategemea unamuuliza nani, marehemu baba alisema walipigana watu ishirini, wengine wanasema mia, na kuna bibi mmoja jirani yetu anashikilia kwamba hawakupigana kabisa, walitukanana mpaka pombe ikaisha wakaenda kulala. Sisi tumechagua mia, ingawa tuko wanane. Shemeji yangu ndiye mpagazi anayeketi, msimamizi anamwamuru ainuke, anainuka, wenzake wanaimba, taa zinafifia, mimi nabadilisha kiti, taa zinarudi, naye anakinyanyua kile kile alichokatazwa kukikalia na kumpiga nacho msimamizi.

Sasa huyo msimamizi tunamwita Nguzo. Ni kinyozi, mkubwa kama mlango wa ghala, na jina hilo kalipata kwenye mazoezi kwa sababu ana ugonjwa mmoja, hataki kuanguka. Unampiga na kiti kinatawanyika, yeye anayumba kidogo, anashika meza, anasimama tena. Mwongozaji wetu akimkemea anasema wateja wake wote watakuja kutazama, na Jumatatu atamnyoaje mtu aliyemwona amelala chini kwa kipigo cha mwalimu wa darasa la pili. Maana shemeji ni mwalimu wa darasa la pili, mtu mpole, mtu wa kuangalia kushoto na kulia hata barabara ikiwa tupu. Wiki mbili kabla ya ajali tulitoka mazoezini tukapitia baa ya jirani, baa ya kweli, na wawili hao wakaanza kubishana juu ya kuanguka, sauti zikapanda, na shemeji akiwa amechoka akamwambia mbele ya watu wote: "Siku moja utaanguka tu, upende usipende." Tulicheka sana. Leo maneno hayo yanarudiwa mtaa mzima na hakuna anayecheka.

Sasa nije kwenye kosa langu. Zamani chini ya kikalio cha kila kiti chepesi nilikuwa naweka tone la rangi nyekundu, na shemeji, kwa tahadhari yake, alikuwa anakiinamisha kidogo kama anayekisogeza, anachungulia, akiona nyekundu anaendelea. Mwezi uliopita niliketi safu ya mbele na nikaona kwamba kiti kikinyanyuliwa juu lile tone linaonekana na kila mtu, likaniudhi, kazi nzuri namna ile halafu iwe na tone kama chunusi usoni, basi nikapaka masizi na vanishi viti vyote, juu na chini, vikawa vya zamani hasa. Shemeji akauliza sasa atajuaje kipi ni kipi. Nikamwambia atajua kwa sababu mimi nitamwambia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana na tulirudia ule ugomvi mara mbili. Mara ya kwanza nilibadilisha kiti kama kawaida, kikavunjika kama kawaida, Nguzo akagoma kuanguka kama kawaida. Nikarudisha pacha mgumu mezani kwa ajili ya kukaliwa tena, na pacha mwingine mwepesi nikamweka tayari nyuma ya pazia. Hapo ndipo alipoingia mwandishi wa habari wa redio, dada mmoja mwenye kinasa sauti, akataka kuongea na fundi wa viti, na mimi, Shangazi, sijawahi kuhojiwa maishani. Nikaanza kumweleza kwamba nimekulia nyuma ya kaunta ya kilabu cha baba na naujua ugomvi wa kweli, kwamba haumalizi dakika mbili, hauna mpangilio, watu wanashikana mashati na kuhema kama wanaosukuma gari, na kwamba baba ugomvi ukianza hakukimbilia kuwaamua watu, alikimbilia kukusanya chupa. Nikamwambia kwa majivuno kabisa, na imo kwenye kile kinasa sauti, kwamba kiti cha kweli hakivunjiki, anayevunjika ni mtu. Nyuma yangu wapagazi walikuwa wanaimba na taa zilikuwa zimeshafifia. Shemeji akasogea ukingoni mwa jukwaa akaninong'oneza: "Umeshabadilisha, shemeji?" Nami bila kugeuka nikamjibu kwa kumbukumbu ya mara ya kwanza. "Nimebadilisha. Piga, usikibembeleze."

Kiti chepesi kinapiga kelele nyingi. Hiki kilitoa mlio mfupi, mkavu, na nilipogeuka Nguzo alikuwa anaanguka, akaanguka vizuri kabisa, kama alivyoombwa kwa wiki tatu, na watu wakapiga makofi. Walipiga makofi mpaka walipoona hainuki.

Naomba usiache kusoma hapa. Sakafu ilikuwa imejaa vipande kwa sababu waigizaji wengine nao walikuwa wamevunjiana viti vyao, watu wote wamemwinamia Nguzo, shemeji amepiga magoti anamwita jina lake la kweli, na mimi nikakiokota kile kiti, kizima, hakina hata ufa, nikakirudisha mezani pake, nikakikalia. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nilikikalia muda wote waliokuwa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali, na mwongozaji aliponiuliza mbona nimekaa nikasema miguu imeniisha nguvu, na huo haukuwa uongo.

Nguzo amevunjika mtulinga wa kulia, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Mkono umefungwa shingoni, na kinyozi bila mkono wa kulia ni kama mimi bila msumeno. Siku ya pili tuliitwa ukumbini, wakahesabu mambo yao: vipande vya viti vyepesi vimeonekana sakafuni, kiti chepesi hakiwezi kumvunja mtu mfupa, basi mwalimu atakuwa amempiga kwa kitu kingine, kwa kiwiko au kwa ubao aliouficha, na si aliapa baa kwamba atamwangusha? Wakanigeukia mimi mtaalamu. Mwongozaji akaniuliza kama viti vyangu vinaweza kumvunja mtu. Nikasema viti vyangu haviwezi. Shemeji alipoulizwa kama aliona kiti ni kizito, akasema hakumbuki.

Sasa ndugu wawili wa Nguzo wamesema Jumamosi hiyo kikundi kiwape jibu la sivyo wanakwenda polisi. Mwalimu mkuu amemwambia shemeji abaki nyumbani mpaka mambo yatulie, na watoto wa darasa la pili wamegawiwa madarasa mengine. Mama mkwe hali chakula. Mke wangu analia akisema kaka yake nyigu akiingia ndani humfungulia dirisha atoke, atampigaje mtu kwa makusudi, halafu ananitazama na kuniuliza, wewe ulikuwepo, uliona nini? Namjibu nilikuwa naongea na mwandishi. Shemeji mwenyewe amekuja kwangu mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza aliketi karakana kwenye rundo la mbao, akauliza kazi zinaendaje, akanitazama nikipiga randa, akaondoka. Mara ya pili hakunikuta, akamwachia mke wangu ujumbe kwamba nisihangaike kumtetea kikaoni, na tangu hapo sina raha, naona amekasirika kwamba sijamtetea, na siku akijua ukweli sijui itakuwaje.

Naishi roho mkononi, nimekalia kuti kavu, jana nimejigonga nyundo kidole kile kile mara mbili. Nikisema, kikundi kitanifukuza, ndugu za Nguzo watahamia kwangu, na mke wangu nitamwambia nini, kwamba wiki nzima nimemfuta machozi ya mambo niliyoyafanya mimi? Nimewaza niseme gundi ilikauka kupita kiasi kwa sababu ya hali ya hewa, kiti chepesi kikawa kigumu, hapo kosa linakuwa la gundi. Nimewaza pia kuandika barua bila jina niipenyeze chini ya mlango wa ukumbi. Au niache tu, pengine Nguzo atapona na watasameheana? Niambie lipi ni afadhali. Na ukiichapisha barua hii, tafadhali badilisha kazi yangu, sema mimi ni fundi cherehani.

Ni mimi, Seremala Mwenye Hofu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili nimeshika kiuno.

Tuanze na dogo. Nimejaribu kukufanya fundi cherehani kama ulivyoomba. Nimekaa nayo asubuhi nzima. Fundi cherehani hamvunji mtu mtulinga, mwanangu, hata akimtupia suruali kumi. Barua yako haifichiki, na nilikaribia kuiweka kwenye droo nisiichapishe. Kisha nikamfikiria yule mwalimu aliyekaa nyumbani siku za kazi. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia tangu Jumatatu kwa anwani uliyoniandikia, ili uwe na siku tatu kabla majirani zako hawajaisoma. Gazeti linatoka Alhamisi. Ukinikasirikia ni sawa, nimeshakasirikiwa na watu wenye sababu ndogo kuliko yako.

Sasa nikuambie kitu. Kabla sijapata kalamu nilibeba trei kwenye baa miaka minne. Ugomvi nimeuona mwingi, na hayo uliyomwambia yule dada wa redio ni kweli tupu, kasoro jambo moja ulilolisahau. Baada ya kila ugomvi, waliopigana wanajulikana, mmoja ana shati limechanika, mwingine pua inavuja. Lakini kuna mtu wa tatu, yule aliyetoa neno la kwanza, na huyo humkuti na alama yoyote. Amesimama ukutani, na ndiye anayeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote, "Jamani, kuna nini?" Sisi wahudumu tulimjua kila mara, na tulimdharau kuliko waliovunja glasi. Pole, lakini kwenye barua yako mtu huyo ni wewe.

Usinielewe vibaya. Kusahau kubadilisha kiti ni ajali, na ajali humpata kila mtu wa kazi. Mpishi huunguza, dereva hugonga, hata mimi niliwahi kumjibu mume barua ya mke wa mtu mwingine. Kupaka masizi juu ya ile alama ni upuuzi, maana ulifuta kitu pekee kilichokuwa kinamlinda mtu, eti kwa sababu kinaharibu urembo, lakini nao ni upuuzi wa fundi anayependa kazi yake. Mambo hayo mawili ningekusamehe leo hii. Kukikalia kile kiti ni jambo jingine. Hapo hukusahau. Na uliposema "viti vyangu haviwezi" hukusahau pia. Ulichagua maneno ambayo ni ya kweli kwa viti vingine vyote isipokuwa kile kimoja, na ukayachagua shemeji yako akiwa amekaa pale pale anakusikiliza.

Na sasa nikueleze kitu ambacho umekiandika wewe mwenyewe na hukukiona. Unaogopa siku shemeji yako atakapojua. Fundi, shemeji yako anajua. Kwa wiki tatu za mazoezi amenyanyua viti vyako vyepesi. Mikono yake inaujua uzito wake kama wewe unavyoujua wa randa lako. Kiti kile kilipofika juu ya kichwa chake alijua, ila mwili ulikuwa umeshakwenda na neno lako la kupiga bila kubembeleza lilikuwa sikioni. Kisha akapiga magoti, na wewe unadhani hakukuona ulipokuwa umekaa? Ukumbi mzima umesimama, mtu mmoja amekaa.

Yasome upya mambo yake. Aliulizwa kama kiti kilikuwa kizito, akasema hakumbuki. Mtu mwenye tahadhari vile, mwalimu anayekumbuka majina ya watoto wa darasa zima, asikumbuke kitu kilichomvunja mwenzake? Alikuja karakana akaketi. Hakuja kuulizia kazi, fundi, alikujia ili umwambie. Alikupa nafasi ukampigia randa. Alipokukosa mara ya pili akakuachia ujumbe usihangaike kumtetea, na wewe ukadhani amekasirika kwa kuwa hujamtetea. Hapana. Anakuambia kwamba hataki utetezi wa mtu anayedanganya. Anamwonea huruma dada yake, ndiyo maana hajasema. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyobaki, na kadiri mama yake anavyokataa kula, nayo inapungua.

Kuhusu ile hadithi ya gundi, isahau. La kuvunda halina ubani. Fundi mwingine yeyote akiletewa kipande cha kiti chako chepesi atacheka, na utakuwa umeongeza uongo wa pili kuubeba wa kwanza. Kuhusu barua isiyo na jina, utakuwa umewapa watu fumbo badala ya jibu, na ndugu za Nguzo hawajaomba fumbo. Na kusubiri wasameheane wenyewe, nakuuliza, wasameheane nini? Mwalimu hana kosa. Mtu asiye na kosa akisamehewa, ni kama kumthibitishia kosa mbele ya watu.

Utafanya hivi. Ukimaliza kusoma, funga karakana, nenda kwa shemeji yako kwa miguu yako, peke yako. Usimtangulize mke wako akulainishie njia, yeye ni dada wa mtu uliyemkosea, usimtumie kama ngao. Usianze na hali ya hewa. Sema hukubadilisha kiti, sema ulikificha, sema ulidanganya kikaoni, kwa mpangilio huo, kisha nyamaza, naye aseme atakalo. Akikufukuza, toka. Akikaa kimya, kaa naye.

Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, mwambie mke wako. Atalia upya, na safari hii atakulilia wewe vibaya, na utavumilia. Usimwambie kwamba ulinyamaza kwa ajili ya nyumba yenu. Atakuuliza nyumba gani.

Kesho yake asubuhi, nenda kwa Nguzo, shemeji yako akikubali muende wote wawili. Kibebe kile kiti. Kiweke mbele ya ndugu zake, mmoja mmoja akinyanyue, halafu wape kile chepesi nacho wakinyanyue. Watakuelewa bila hotuba. Watakasirika, na huenda bado wakataka kwenda polisi, na wakienda ni haki yao, nawe utakwenda kueleza ukiwa umesimama wima. Sikuahidi kwamba hutaadhibiwa. Nakuahidi tu kwamba atakayeadhibiwa atakuwa ndiye mwenye kosa.

Na usiende kwa Nguzo na pole ya mdomo. Mtu huyu amebakiwa na mkono mmoja na kibanda chake cha kunyolea kina mlango, kina vioo, kina sakafu ya nywele. Mpaka mkono utakapopona, kila asubuhi kabla hujagusa randa utamfungulia mlango, utamfagilia, utamchotea maji, na kinyozi mwenzake atakayemshikia mashine kwa muda utamtafuta wewe. Hata akikutukana. Hasa akikutukana.

Kikundi kikikutoa, toka kwa adabu. Kikikubakiza, rudisha alama nyekundu chini ya viti, na kubwa, watu wa safu ya mbele waione na wajue kwamba kuna mtu anajali.

Na sasa la mwisho, ndilo lililonifanya nisiifungie barua yako kwenye droo. Jumamosi shemeji yako ataulizwa tena kama kiti kilikuwa kizito. Safari hii kutakuwa na ndugu wawili wenye hasira, mwalimu mkuu atakuwa anasubiri majibu, na mama yake atakuwa amekaa pembeni. Akikuficha, atakuwa amejitia hatiani kwa ajili yako, na utakula naye sikukuu zote zilizobaki bila kumtazama usoni. Akikutaja, atakuwa amelazimika kumvunjia dada yake nyumba kwa mdomo wake mwenyewe. Unamwachia mtu mpole kuliko wote katika hadithi hii achague moja kati ya hayo, huku wewe ukiwa na siku tatu na miguu miwili mizima. Amka uende.